Sensa ya mwendo wa boti haisomi: tafuta magamba kabla ya kutafuta sensa mpya

Kabla hujaagiza sensa mpya, chomoa iliyopo, zungusha kigurudumu chake kwa kidole, na mwenzako awe anatazama kioo cha namba kule juu kwenye usukani. Namba zikicheza, sensa ni nzima, na kilichoikwamisha ni uoto wa baharini, yaani ute, mwani na magamba yanayoota kwenye chombo. Kwa boti za matanga zinazolala kwenye hori za Kilifi na Mtwapa, au Tanga na Msasani, hilo ndilo jibu la kuanza nalo kila mara. Hata hivyo watu bado wanalipa ushuru wa forodha kwa sensa ambazo hawakuzihitaji.

Maelezo haya ni ya wanaotunza boti: mabaharia na walinzi ambao mwenye chombo yuko Nairobi au ng'ambo, na wenye boti wanaoshika kazi kwa mikono yao. Yanahusu sensa ya kawaida, ile ya kigurudumu.

Kilichomo ndani

Sensa ni mche wa plastiki unaochomekwa ndani ya bomba fupi lililogundishwa kwenye tumbo la boti, mara nyingi mbele ya mkuku, ule uti wa chini wa boti. Ncha yake inachungulia nje kidogo, na hapo pana kigurudumu chenye mapanga kinachozungushwa na maji boti inapokwenda. Mapanga yana sumaku ndani. Kila sumaku inapopita, kifaa kidogo cha umeme kilichofungiwa kwenye plastiki hutoa mdundo mmoja, na kioo huhesabu midundo hiyo. Sensa nyingi za Airmar, kampuni ya Marekani ambayo bidhaa zake huuzwa pia kwa majina ya kampuni nyingine, hutoa midundo ipatayo 20,000 kwa maili moja ya bahari. Ukiigawanya ni kama midundo mitano na nusu kwa sekunde kwa kila noti moja, yaani maili moja ya bahari kwa saa.

Sumaku haigusani na kifaa kile cha umeme. Kinachosagika ni pini ya chuma inayoshika kigurudumu na tundu inamopita, basi. Ndiyo maana sensa hizi hukaa miaka mingi. Udhaifu wake uko kwingine: nafasi kati ya mapanga na ukuta wa kijishimo chake ni finyu mno, na uzi mmoja wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha kukisimamisha kigurudumu.

Kwa nini uoto unapapenda pale

Kitu chochote kikizama baharini hufunikwa na ute wa bakteria ndani ya saa chache. Siku zinazofuata huongezeka mwani mdogo usioonekana kwa macho, kisha huja mabuu ya wanyama wa magamba. Hawa ndio wale weupe, wagumu, wenye umbo la kilima kilichotoboka kileleni, unaowaona wamejaa kwenye nguzo za gati maji yakipwa. Buu huogelea likitafuta pa kukaa, na likishapata hujibandika kichwa chini kwa gundi yake lenyewe, halihami tena. Hupendelea vishimo, mifereji na kivuli, mahali ambapo maji hayaendi mbio. Sasa kitazame kijishimo cha kigurudumu: kina kivuli, kina pembe, na boti ikisimama maji yake yametulia. Hungeweza kumjengea nyumba nzuri zaidi. Pamoja naye huja minyoo inayojijengea vijibomba vya chokaa, na nyuzi laini kama manyoya ambazo watu huziita mwani ingawa nyingi ni wanyama.

Vitabu vya watengenezaji vinakiri kwamba uoto unaweza kuharibu usomaji wa sensa ndani ya wiki chache. Vingi vimeandikwa kwa kufikiria nchi ambako maji hupoa miezi kadhaa kwa mwaka na boti hupandishwa nchi kavu. Pwani yetu maji hubaki kati ya nyuzi 25 na 30 hivi mwaka mzima, kwa hiyo uoto hauna likizo. Masika mambo huzidi: mito huleta tope, tope hunata kwenye ute, na kigurudumu hupata koti la udongo juu ya koti la bakteria.

Boti inayosafiri kila siku haina shida kubwa, maana mbio za maji zenyewe hukisafisha kigurudumu na mabuu hayapati nafasi ya kushika. Inayoota magamba ni ile iliyofungwa kwenye boya ikimsubiri mwenyewe aje likizo ya Desemba.

Kioo kinasoma 0.0 na boti inakwenda

Hakikisha kwanza kilichomo ndani ya bomba ni sensa, si kizibo kinachowekwa mahali pake sensa inapotolewa. Usicheke. Kizibo kilichosahauliwa kimeshawapeleka mafundi wengi kufungua waya kuanzia ngama, sakafu ya chini kabisa ya boti, hadi mlingoti. Kisha tazama mshale au alama iliyo juu ya sensa: inatakiwa ielekee omo, yaani mbele ya boti, sambamba na mkuku. Sensa iliyogeuka inaweza kusoma kidogo sana au isisome kabisa.

Vyote viwili vikiwa sawa, chomoa. Kazi hii hufanywa boti ikiwa majini na haina hatari kwa aliyejipanga. Kizibo kiwe mkononi, oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia maji, zimepakwa vaselini au grisi ya silikoni. Ondoa pini ya usalama, legeza kofia, zungusha sensa kushoto na kulia ili ijiachie, halafu ivute moja kwa moja juu huku mkono wa pili ukisubiri na kizibo. Tundu la milimita 51, kipimo cha kawaida, likiwa nusu mita chini ya maji huingiza lita 3 hadi 4 kwa sekunde. Mwenye kizibo mkononi anapoteza sekunde moja au mbili, maji ambayo hayafiki nusu ya ndoo ya lita 20. Anayekwenda kukitafuta kabatini kwa dakika moja anarudi na kukuta lita 200 hivi kwenye ngama, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Bomba nyingi za siku hizi zina kilango ndani kinachojifunga sensa inapotoka. Kinapunguza maji tu, hakizibi, na gamba moja kwenye ukingo wake linatosha kukiacha wazi.

Sasa kipulize kigurudumu kwa mdomo. Kilicho safi huzunguka kwa pumzi na huendelea kidogo baada ya pumzi kuisha. Kikigoma, kigeuze kwenye mwanga uangalie mashina ya mapanga na sakafu ya kijishimo, si ncha za mapanga peke yake. Mara nyingi utakuta gamba moja la milimita mbili limekaa pembeni, mahali ambapo panga linapita, na ukikizungusha kwa ukucha utasikia kikigota palepale kila mzunguko. Kwingine kote kinang'aa. Aliyeisafisha sensa mara ya mwisho alifuta kinachoonekana.

Ute na mwani vitoe kwa mswaki, maji na sabuni ya vyombo. Magamba na vijibomba vya chokaa vinahitaji siki. Loweka ncha ya sensa kwenye kikombe cha siki ya dukani kwa saa moja au mbili. Utaona mapovu, ni chokaa inayoyeyuka. Baada ya hapo gamba hung'oka kwa kijiti cha plastiki au cha mbao. Usitumie kisu, maana kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa buu lijalo. Usitumie asidi ya kuoshea vyoo, inakula pini. Wala usitumie tina, asetoni au petroli; plastiki ya sensa hulainika au hupata nyufa, na ufa ukiingiza maji ndani sensa imekwisha kweli.

Ikiwa bado kinasuasua, sukuma pini itoke kwa kipande cha waya mgumu wenye unene wake, utoe kigurudumu kizima. Tembeza pini juu ya kioo cha dirisha. Iliyopinda hudunda. Iliyolika katikati ibadilishwe. Pini na kigurudumu huuzwa kama seti, na bei yake haifanani hata kidogo na ya sensa nzima.

Kinazunguka vizuri lakini namba hazitokei

Hapa magamba hayahusiki tena. Kwenye sensa za zamani za nyaya chache, fungua plagi nyuma ya kioo utafute kutu ya kijani, kisha ufuate waya mpaka kwenye ngama, hasa pale mtu alipouunga kwa utepe. Chukua sindano ya kushonea uisogeze kwenye mapanga uone kama sumaku zinaivuta. Sumaku iliyopata maji hupasuka na kuvimba. Ukiwa na mita ya umeme, ipime waya wa midundo huku kigurudumu kikizungushwa polepole: volti zinapaswa kuruka juu na chini. Zikibaki palepale na umeme wa kuilisha sensa unafika, kifaa cha ndani kimekufa na hakitengenezeki.

Kwenye sensa za kidijitali zinazotoa kina, mwendo na joto kwa pamoja, mfano DST800 na mdogo wake DST810, jiulize kwanza kama kina na joto vinafika. Vikifika na mwendo ni sifuri, tatizo liko kwenye kigurudumu au sumaku. Vikipotea vyote vitatu na kioo kikaonyesha vistari, tatizo ni waya, plagi au mtandao wa boti, na hakuna siki itakayosaidia. Kina peke yake kikipotea au kikirukaruka, futa uso wa chini wa sensa, maana ute na magamba huziba sauti inayotumwa chini.

Inasoma pungufu

Huu ndio ugonjwa unaosumbua kuliko yote, kwa sababu kioo kinaonyesha namba na namba hiyo inafanana na ukweli. Boti inakwenda noti 6, kioo kinasema 4.8, na hakuna anayeshtuka. Ila upepo wa kweli kwenye kioo umekosewa, kwa sababu unakokotolewa kutoka upepo unaohisiwa na mwendo wa boti. Makadirio ya mkondo yamekosewa pia. Nahodha anaona GPS inazidi kioo kwa zaidi ya noti nzima, anasema "leo mkondo unatusaidia", na anapanga saa ya kufika kwa kutegemea mkondo usiokuwepo.

Mkondo wenyewe upo, na ndio unaoleta utata. Nje ya miamba ya Kenya bahari hutiririka kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi huweza kufika noti 3 au 4. Kwa hiyo ukitoka Mombasa kwenda Kilifi wakati wa kusi, GPS kuzidi sensa ni jambo la kawaida, na kuifikiria sensa mbovu kwa sababu hiyo ni kuionea. Ulinganisho wa haki hufanywa ndani ya hori, maji yakiwa yamesimama, yamemaliza kujaa au kupwa. Tena uchague siku za maji mafu, ambapo hayapandi wala kushuka sana. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mlango wa hori hautulii kwa muda wa kutosha.

Washa injini, shika mzunguko mmoja wa injini, nenda mstari ulionyooka kwa dakika chache, geuka, rudi kwenye mstari uleule. Chukua wastani wa mwendo wa GPS kwa pande zote mbili, na wastani wa kioo. Tuseme GPS ilikuwa 6.2 kwenda na 4.8 kurudi: wastani ni 5.5. Kioo kilisema 5.0 kote. Sensa inasoma pungufu kwa kiasi cha moja ya kumi.

Kabla ya kugusa mipangilio ya kioo, isafishe sensa na urudie jaribio. Kisha tuma mtu azamie atazame tumbo la boti hatua mbili tatu mbele ya bomba. Kundi la magamba pale huyavuruga maji, na sensa hupokea maji yaliyopoozwa hata kama yenyewe ni safi. Tumbo zima likiwa chafu utaona kingine: sensa na GPS vinakubaliana, ila vyote vinasema 4.5 mahali ambapo mzunguko uleule wa injini ulikuwa ukitoa 5.8. Hapo sensa inasema kweli na boti ndiyo nzito. Ipandishwe ikwanguliwe.

Ukishahakikisha kila kitu ni safi na pengo bado lipo, ndipo uzidishe kipimo cha kioo, ile namba ya kurekebisha usomaji iliyo kwenye mipangilio. Katika mfano wetu, kipimo cha zamani mara 5.5 gawanya kwa 5.0, yaani mara 1.10.

Inasoma kupita kiasi

Karibu kila mara ni matokeo ya hayo ya juu kufanywa kinyume. Mtu alikuta sensa inasoma pungufu, badala ya kuisafisha akaongeza kipimo. Miezi ikapita, mwingine akaisafisha, na sasa boti ya mita 10 inadai kwenda noti 9 kwa upepo mwanana. Rudisha kipimo kwenye 1.00, au namba aliyoiweka mtengenezaji, kisha pima upya. Kwenye daftari la boti andika tarehe na kipimo kila kinapobadilishwa. Anayekuja baada yako hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Haianzi mpaka boti ipate kasi

Chini ya noti mbili ni sifuri, halafu ghafla inaruka hadi 2.5 na kuendelea vizuri. Ni msuguano: ute kwenye pini, nyuzi za manyoya zilizojizungusha kwenye mashina ya mapanga, chembe za mchanga, au pini iliyopinda. Wakati wa kusi, majani ya bahari yanapong'oka na kuelea makundi makundi, jani moja jembamba linaweza kujisokota humo na kuleta dalili hiyohiyo hata kwenye sensa iliyosafishwa asubuhi. Kabla ya kuchomoa, jaribu kurudi nyuma kwa injini kidogo. Jani huenda likaachia. Gamba halitaachia kamwe.

Inasoma vizuri upande mmoja wa bisho tu

Boti ikilalia kushoto inasoma 6, ikilalia kulia inasoma 5 na namba zinarukaruka. Kama ilikuwa hivi tangu ilipofungwa, sensa iko mbali na mstari wa mkuku na inapata mapovu inapoinuka upande wa joshi, ule unaotoka upepo. Uoto hauna kosa. Kama imeanza karibuni, mzamiaji atazame upande wenye tatizo kwa magamba au rangi iliyobanduka mbele ya bomba.

Inasoma mwendo boti ikiwa nangani

Kama ni noti moja hivi na inabadilika na saa za maji, furahi: kigurudumu ni safi kiasi cha kuhisi maji yanayotoka horini. Inayotupa namba kubwa bila mpangilio kila redio inapoita au mashine ya kugeuza umeme inapowashwa ina tatizo la waya zilizolazwa pamoja.

Sensa haitoki

Magamba yameota kwenye ncha na kujibandika kwenye ukingo wa bomba, au oringi zimekauka na kushika. Watu hupata nyundo haraka mno hapa. Bomba limeshikwa na gundi kwenye tumbo la boti, na likilegea unakuwa na tundu lisilo na kizibo.

Mpeleke mzamiaji kwanza akwangue kuzunguka ncha kutoka nje kwa kijiti cha plastiki. Ndani, zungusha sensa kushoto na kulia kwa mkono, nyuzi chache tu kila upande, bila kuivuta. Ikianza kuzunguka imeshajiachia na itafuata. Isipozunguka baada ya kukwanguliwa, ngoja boti ipandishwe, au uilaze ufukweni kwa maji ya bamvua kama umbo lake linaruhusu, ufanye kazi bila bahari nyuma ya mlango.

Kuzuia: kizibo kwanza, rangi baadaye

Hakuna rangi wala mafuta yanayoshinda kuitoa sensa ndani ya maji. Boti ikitegemewa kulala zaidi ya siku mbili tatu, sensa itoke, kizibo kiingie. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, ikae ndani ya soksi kuukuu karibu na bomba lake. Siku ya safari inarudi. Ning'iniza kibao kidogo kwenye ufunguo wa injini kilichoandikwa "KIZIBO KIPO", maana asiyekumbushwa atasafiri hadi Pemba akisoma sifuri. Kama unamtunzia mtu boti, mwambie mapema kwamba utafanya hivi. Wengine huingia chomboni usiku, wakaona sifuri, na simu inaanza kulia: "Kaka, umeniharibia nini huku?"

Kizibo nacho huota magamba usoni. Yakienea hadi pembeni yatakwaruza ukuta wa bomba unapokivuta, na mkwaruzo huo utavujisha maji pindi sensa itakaporudi. Kwa hiyo kipake rangi ya kuzuia uoto, ile mafundi wanayoiita antifaulini: uso wa chini, na ubavu ulio chini ya oringi ya mwisho.

Sensa yenyewe hupakwa rangi ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa maji. Zile zenye vimumunyisho vikali, za jamii ya asetoni, huila plastiki, na nyingi za makopo makubwa yanayopakwa tumbo la boti ni za aina hiyo. Kusema "imebaki kidogo, tuimalizie hapa" kumeua sensa nyingi. Soma kopo. Paka ncha, kijishimo, na ubavu chini ya oringi ya mwisho, tabaka mbili nyembamba kwa brashi ndogo ya kuchorea, kisha ndani ya bomba kutoka nje hadi milimita 30 hivi juu. Usipake oringi, tundu la pini wala pini. Rangi nene ndani ya bomba husababisha lile tatizo la sensa kukwama, kwa hiyo msasa laini uondoe ya zamani kabla ya kuongeza mpya. Kwa boti ya alumini, epuka kabisa rangi ya shaba na bomba la shaba, chuma kitaliwa.

Ukipita kwenye ghala la zamani ukakuta kopo la rangi yenye bati, jamii ya TBT, liache. Ilifanya kazi vizuri mno, ikaharibu pia konokono na chaza wa bandarini, na mkataba wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008 uliipiga marufuku duniani. Tangu 2023 sibutirini, sumu nyingine ya rangi za kuzuia uoto, nayo imeingia kwenye orodha hiyo.

Dawa za mtaani ni nyingi. Vaselini kwenye mapanga huoshwa na safari ya kwanza, na mchanga hunata kwenye ile inayobaki. Krimu ya watoto yenye zinki, ile ya upele wa nepi, ina wafuasi wengi Marekani, na kwenye sensa inayolala wiki moja au mbili haina madhara, mradi isifike kwenye pini. Pilipili ya kusaga ndani ya rangi nimeiona kwenye mashua, na magamba yake nimeyaona pia. Wazee walipaka majahazi deheni ya chokaa na mafuta, wakaipaka tena na tena; kwenye kijishimo cha milimita chache haina nafasi.

Ipo njia ya kuachana na kigurudumu: sensa zinazopima mwendo wa maji kwa sauti, zisizo na kinachozunguka. Hazikwami kwa jani wala gamba moja, na mwendo mdogo huusoma vizuri. Ni ghali, na uso wake bado unataka kufutwa, maana ute huziba sauti. Kwa boti inayosafiri mara nne kwa mwaka, kizibo cha plastiki kinafanya kazi ileile.

Bomba linavuja baada ya kurudisha sensa

Kwanza chomoa tena uangalie oringi: chembe ya gamba, unywele, rangi iliyomeguka. Futa ukuta wa bomba kwa kitambaa kisicho na nyuzi, paka vaselini upya, rudisha, kaza kofia kwa mkono peke yake, rudisha pini ya usalama. Zungushia karatasi ya tishu chini ya kofia, iangalie baada ya dakika 10, kisha tena kabla ya kushuka botini. Ikilowa juu, kwenye kofia, ni oringi, na zile za akiba hugharimu kidogo, uwe nazo mbili. Ikilowa chini, pale bomba linapokutana na tumbo la boti, oringi haihusiki: gundi imeachia. Hiyo haingoji mwenye boti arudi. Mpigie simu sasa hivi, weka pampu ya ngama kwenye otomatiki, na boti ipandishwe nchi kavu kwa maji ya kwanza yatakayofaa.